Kengele ya reli, mwamba na gemu: tujifunze kusikiliza



Vigango vingi vya huku kwetu havina kengele ya kununua. Kipande cha reli au ringi ya lori huning'inizwa mtini, katekista anagonga, watu wanakuja. Hapa Isaka vyuma haviwezi kukosekana: reli ya Tabora–Mwanza inapita, na malori ya Rwanda na Burundi hupakia bandari kavu. Sasa, kwa nini chuma kile kinalia vile?

Aristotle, katika kitabu chake juu ya roho, aliona kwamba kitu kimoja peke yake hakitoi sauti. Lazima kuwe na kinachogonga, kinachogongwa, na hewa. Fizikia imeongeza hesabu. Reli ikigongwa hutetemeka kwa namna nyingi kwa pamoja. Tuichukulie kama nondo nyoofu inayoning'inia huru: kama mtetemo wa chini kabisa ni mara 200 kwa sekunde, unaofuata ni karibu 551, halafu 1,081. Waya wa gitaa ungetoa 200, 400, 600, ndiyo maana hivi viwili havifanani kabisa. Kila mtetemo hufifia kwa kasi yake; kwenye chuma taratibu, kwenye mbao upesi. Na ukigonga katikati hasa, ule wa pili haulii, kwa kuwa sehemu hiyo kwake imetulia.

Gemu nyingi hazijali hayo. Zinacheza rekodi ileile, ugonge taratibu au kwa hasira, na sikio linashtukia mapema. Mwaka 2001 Kees van den Doel, Paul Kry na Dinesh Pai walionyesha njia nyingine: kompyuta inajua mitetemo ya kitu, na kila kinapogongwa, kinapokwaruzwa au kubiringika, sauti inazaliwa palepale kulingana na nguvu na mahali kilipoguswa.

Utasema, si gemu tu hiyo? Hebu twende kwenye maduara ya dhahabu, huko ambako wengi wetu tuna kaka na wajomba. Mchimbaji mzoefu hugonga dari kwa mtalimbo kabla ya kuanza kazi. Mwamba mzima hulia kwa ukali, karibu kama chuma. Uliobanduka ndani hutoa mlio mzito, kama wa kitu chenye uwazi, maana ufa umebadilisha mitetemo. Kijana mgeni asiyezitambua sauti hizo mbili anaingia chini ya jiwe linalosubiri kudondoka.

Rekodi moja haiwezi kumfundisha. Hesabu inaweza: sogeza ufa, ongeza unene, gonga pengine, na mlio unabadilika wenyewe. Natamani nione gemu ya namna hiyo kwenye simu, kijana azoeze sikio akiwa bado juu ya ardhi. Matimba yabaki palepale, lakini. Bamba nene sana linaweza kulia vizuri na bado likawa limeachana na mwamba wake.