Somo la kompyuta: Kuona folda zote kwa amri moja
Faili ya chanjo imepotea kati ya folda nyingi? Kwenye Ubuntu kuna programu ndogo iitwayo tree. Intaneti ikiwepo, andika:

sudo apt install tree

Kisha weka neno la siri. Halionekani unapoliandika, usishtuke. Sasa andika tree -L 2 uone folda na vilivyomo, ngazi mbili tu. Bila -L 2 skrini inaweza kujaa ukapotea tena.

Angalia sana: tree huonyesha majina ya faili. Ukiiita faili kwa jina la mgonjwa na ugonjwa wake, aliyesimama nyuma yako atasoma. Tumia namba ya kadi. Mbele ya watu andika tree -d, huonyesha folda peke yake.

Kuiondoa: sudo apt remove tree. Faili zako hazifutiki.