Kifua Kikuu Sugu na Wajibu wa Jirani

Mara nyingi tumemsikia mtu akisema kwa furaha: “Kikohozi kimekwisha, nami dawa nimeziacha.” Sisi tusikiapo maneno hayo twaingiwa na hofu, na leo twapenda kueleza sababu yake.

Vijidudu vya kifua kikuu havifi kwa siku moja. Dawa huua kwanza vilivyo dhaifu. Vile vigumu husalia mapafuni. Mgonjwa akiacha dawa kabla ya wakati, hivyo vigumu huzaana, na dawa ile ya kwanza haividhuru tena. Huo ndio kifua kikuu sugu. Tena mgonjwa huyo akohoapo, aweza kumwambukiza jirani ugonjwa ulio sugu tangu siku ya kwanza, ingawa jirani hana kosa lo lote.

Hayo yalionekana katika Carabayllo, mtaa wa maskini kandokando ya Lima, mji mkuu wa Peru. Mpango wa nchi hiyo wa kupambana na kifua kikuu ulisifiwa duniani, na ulistahili sifa. Lakini wagonjwa wasiopona walipewa tena dawa zile zile, ikiongezwa moja tu, na vijidudu vikazidi kuwa sugu. Mwaka 1995 Padre Jack Roussin, Mmarekani aliyewahudumia watu wa mtaa huo, alifariki kwa ugonjwa huo huo.

Rafiki zake, madaktari Paul Farmer na Jim Yong Kim, pamoja na wenzao wa Peru, walichunguza wakakuta wagonjwa wengine wengi. Wakaambiwa kwamba dawa zifaazo ni ghali mno kwa nchi maskini. Hawakukubali. Tangu Agosti 1996 waliwatibu wagonjwa majumbani mwao. Watu wa mtaa waliofundishwa kazi hiyo walimwendea mgonjwa kila siku, wakahakikisha amemeza dawa, wakasikiliza maumivu yake, wakatazama kama ana chakula. Matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Katika wagonjwa 66 wa kwanza waliodumu katika tiba kwa miezi minne au zaidi, 55 walipona.

Na ile bei je? Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani na wenzake waliunda kamati ya kuwezesha dawa hizo kununuliwa kwa pamoja, na bei za baadhi yake zikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kumbe bei iliyowekwa na watu, watu waweza kuishusha. Tena mwaka 2022 Shirika hilo lilipendekeza kwa wagonjwa wengi tiba ya vidonge, pasipo sindano, imalizikayo kwa miezi sita.

Hata hivyo, miezi sita ni mirefu kwa mtu aliye peke yake. Basi yatupasa nini? Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende kupimwa upesi. Aliyeanza dawa asiziache mpaka daktari aseme. Nasi wa nyumbani tusimtenge wala kumsimanga. Tufungue madirisha, tumpe chakula, tumkumbushe saa ya dawa, tumsindikize kwenye zahanati anapochoka. Watu wa Carabayllo hawakuwa matajiri kuliko sisi, nao waliweza.