Utao: mwalimu aliyegeuzwa mungu

Wengi wetu tukimuona Mchina tunasema ni Mbudha, basi. Nami nilidhani hivyo. Kumbe Ubudha ulitoka India. Dini iliyozaliwa China kwenyewe ni Utao.

Wafuasi wake humtaja Laozi, karne ya 6 kabla ya Nabii Isa (a.s.), ingawa wanahistoria wanabishana kama aliishi kweli. Daodejing, kitabu chake, kina sura 81 fupi. Chanzo cha vyote, kinasema, ni Tao, yaani Njia, isiyo na jina. Lakini Tao haiamrishi, haikatazi, haitumi Mtume wala haijibu dua. Umbali wake na Tauhidi ni huo.

Naona moyo haukutosheka na kisichojibu. Mwaka 142 Zhang Daoling alianzisha jumuiya ya ibada huko Sichuan, na mwaka 165 Mfalme Huan akatuma watu wakamtambikie Laozi mwenyewe! Nikamkumbuka Wadd wa Suratu Nuh, mtu mwema aliyechongewa sanamu la ukumbusho, kisha akaabudiwa. (Na sisi makaburini, tunawaombea masheikh wetu au tunawaomba?)

Wahamiaji waliufikisha Utao Malaysia na Singapore. Waislamu wa China hawakulikimbia neno lenyewe: mwanazuoni Liu Zhi, karne ya 18, alilitumia kuwafundishia Uislamu.