Dondoo muhimu: Askari akikuzuia kupiga picha mtaani

Nchini Kenya, Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wako wa kutafuta na kupata habari. Hata hivyo, epuka kupiga picha kambi za jeshi.

Ukisimamishwa, shusha kamera. Msalimie: "Habari ya kazi, afande?" Kisha uliza kwa upole umevunja sheria ipi, na usome jina au namba kwenye sare yake.

Akikulazimisha kufuta picha, usizozane, ila usipige nyingine hata moja kwa kadi hiyo. Itoe. Programu za kurejesha faili mara nyingi huziokoa, mradi picha mpya hazijazifunika. Wengi hulisahau hili kwa hasira.

Ukikamatwa, Ibara ya 49 inakupa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza na kuwasiliana na wakili. Namba yake iandike kwenye karatasi. Simu yaweza kuchukuliwa.