Gesi Asilia ya Tanzania: Historia Yake na Funzo kwa Wakaazi wa Kwale

Tarehe 4 Mei 2021 jijini Nairobi, Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kujenga bomba la gesi asilia kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, umbali wa takriban kilomita 600. Oktoba 2022, Rais William Ruto na Rais Samia Suluhu Hassan walikubaliana kuuharakisha mradi huo. Bomba la nchi kavu linalofuata pwani kutoka Tanga haliwezi kufika Mombasa bila kukatiza Kaunti ya Kwale. Ni vyema basi mkaazi wa Lunga Lunga, Msambweni au Matuga ajue yaliyowapata majirani zetu waliotangulia.

Gesi hii ni ipi?

Gesi ya mtungi tunayopikia ni propani na butani. Hugeuka majimaji ikigandamizwa kidogo, ndiyo maana inabebeka kwa bodaboda. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Hiyo haigeuki majimaji kwa urahisi, hivyo njia ya kawaida ya kuisafirisha nchi kavu ni bomba. Palipo na bomba pana ardhi, na palipo na ardhi pana watu.

Kutoka kisimani hadi mtamboni: miaka 30

Gesi iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Kampuni ya AGIP ya Italia ndiyo iliyochimba visima vya kwanza. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, lilikuwa limeundwa mwaka 1969 kusimamia sekta hiyo.

Gesi ilikaa chini ya ardhi kwa muda mrefu kwa sababu hapakuwa na bomba wala mnunuzi wa uhakika. Ukame wa miaka ya 1990 ulipopunguza maji katika mabwawa ya umeme, haja yake ikaonekana wazi. Mwaka 2004 kampuni ya Songas ilianza kupeleka gesi Dar es Salaam, kwa bomba linalopita chini ya bahari na kisha nchi kavu, hadi mitambo ya umeme ya Ubungo. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill nacho kikaunganishwa. Mradi huo ulikuwa na mpango wa kupeleka umeme katika vijiji vilivyopitiwa na bomba.

Mtwara, 2013

Mwaka 2012 ujenzi wa bomba la pili ulizinduliwa, lenye kipenyo cha inchi 36, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Liligharimu zaidi ya dola bilioni 1, nyingi zikiwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, na lilizinduliwa Oktoba 2015.

Wakaazi wa Mtwara waliuliza: gesi ikienda Dar es Salaam, sisi tutabaki na nini? Walitaka viwanda na ajira vije kwao. Maandamano yalianza mwishoni mwa 2012. Mwaka 2013 yaligeuka ghasia, watu wakapoteza maisha, nyumba na ofisi zikachomwa, na jeshi likapelekwa. Bomba likajengwa vilevile. Swali lao lilikuwa la haki, lakini majibu yalichelewa hadi hasira ikatangulia.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Kwale tunajua habari ya mali ya ardhini. Madini ya titani yalichimbwa katika eneo la Msambweni hadi Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii asilimia 10. Kwa mafuta na gesi, Sheria ya Petroli ya 2019 inatenga asilimia 20 ya mgao wa serikali ya kitaifa kwa kaunti, na asilimia 5 kwa jamii ya eneo.

Tofauti ni hii: mgao huo unahusu gesi inayochimbwa hapa. Gesi ya Tanzania inayopita tu haileti mgao huo. Anayepitiwa na bomba hutegemea fidia ya ardhi, ajira za ujenzi na manufaa yaliyoandikwa katika mkataba. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali yako na kutaka fidia ya haki ilipwe bila kuchelewa. Pia lazima mradi kama huo ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kwa NEMA.

Maswali ya kuuliza barazani

1. Bomba litapita wapi, na ukanda wake una upana gani?
2. Ardhi itachukuliwa kabisa, au mwenyewe ataendelea kulima? Minazi na miembe itahesabiwaje?
3. Asiye na hatimiliki lakini ameishi hapo miaka mingi atalipwa vipi?
4. Je, kutakuwa na tawi la kuteremshia gesi Kwale, kwa viwanda na hoteli za Diani?
5. Ahadi za ajira na umeme zimeandikwa katika mkataba gani, na nani atazisimamia?

Wenye ardhi ya urithi ambao bado hawajakamilisha mirathi waanze sasa. Fidia hulipwa kwa jina lililoandikwa, na mzozo wa familia unaweza kuchelewesha malipo. Mradi ukiletwa barazani, hudhuria, uliza, na hakikisha jibu limeandikwa.