Daraja Kati ya Hospitali na Nyumbani

Mzee akiugua hupelekwa hospitali. Akipona hurudi nyumbani. Ndivyo wengi wetu tudhanivyo. Lakini kupona ugonjwa ni jambo moja, na kuweza kusimama, kuvaa nguo na kujipikia chai ni jambo jingine. Hebu tutazame jinsi Waingereza walivyojifunza tofauti hiyo.

Mwaka 1935 Daktari Marjory Warren, wa hospitali ya West Middlesex karibu na London, alikabidhiwa wagonjwa zaidi ya 700, wengi wao wazee waliolala tu bila tumaini. Aliwapima mmoja mmoja, akawainua vitandani, akawafundisha kutembea tena. Wengi wakaweza kutoka hospitali.

Mwaka 1948 serikali ilianza kuwatibu watu wote bure. Lakini kazi ya kuwatunza wazee majumbani na katika makao ya wazee iliachiwa halmashauri za miji na wilaya, na mwenye uwezo alitozwa. Basi mzee aliyepona lakini bado dhaifu alikwama katikati. Akizidi kulala kitandani misuli hulegea, na mwisho hupelekwa makao ya wazee, asirudi kwake tena.

Kwa hiyo katika mipango ya mwaka 2000 na 2001 serikali iliamua kujenga daraja, nalo huitwa utunzaji wa kati. Kwanza, wauguzi humwendea mzee upesi akiugua ghafula, ili asilazwe bila sababu. Pili, aliye dhaifu hupewa kitanda mahali pa kujizoeza. Tatu, mtaalamu wa viungo humfuata nyumbani. Nne, wasaidizi humzoeza tena kuoga, kuvaa na kupika. Kwa kawaida muda wake hauzidi majuma 6, wala mzee halipi kitu.

Shina la kazi hii ni moja: usimfanyie mzee analoweza kujifunza tena kulifanya. Anayemfungia vifungo kila siku amemhurumia, lakini amemnyang'anya mikono yake. Tena muuguzi wa hospitali na mtumishi wa halmashauri sharti wakae meza moja, maana daraja lenye nguzo upande mmoja halivushi mtu.

Ninyi mtakaokuwa madaktari, wauguzi au makarani wa halmashauri, msiulize tu, "Homa imekwisha?" Ulizeni pia, "Kesho atainukaje?"