Nani Aulizwe Kihambani? Mafunzo Niliyopata

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma tafiti za maarifa ya asili katika kilimo mseto cha miti, na nyingine nimezikusanyia takwimu mwenyewe kwenye vihamba vya Wachagga, Kilimanjaro. Kihamba, kwa asiyekijua, ni shamba linalozunguka nyumba: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na mboga ardhini, ng'ombe bandani.

1. Idadi hufuata swali.

Mwaka 1984 O'kting'ati na wenzake waliorodhesha spishi zaidi ya 100 za mimea vihambani. Mwaka 2006 mtaalamu wa mimea Andreas Hemp akataja takriban 520. Mimea haikuongezeka mara tano. Wa kwanza walitaka kujua mkulima anapanda na kutunza nini, na kwa matumizi gani; Hemp alihesabu hata majani yanayojiotea, na zaidi ya spishi 400 katika orodha yake hazikupandwa na mtu. Siku hizi nikikutana na sifa za "utajiri wa kihamba" kwenye andiko lolote, nauliza kwanza aliyehesabu alikuwa anatafuta nini.

2. Jedwali linaujua mti, haliyajui matawi yake.

Tafiti nyingi za fani hii huishia kwenye jedwali: jina la mti kwa kienyeji, jina la kisayansi, matumizi. Mringaringa: mbao. Msesewe: mbege, pombe ya ndizi. Isale: mipaka. Sawa, lakini mkulima haamki asubuhi kutafakari orodha. Anaamua akate nini, lini, na aache nini.

Mama mmoja wa Old Moshi alinisimamisha chini ya mti wa mruka saa sita mchana. Nilitazama juu, yeye alikuwa anatazama chini, kwenye madoa ya jua juu ya kahawa. Palipokuwa na giza mno alinyoosha panga kuonyesha tawi la kuondoa, maana kahawa isiyopata mwanga haizai vizuri. Tawi la pili aliliacha, kwa kuwa migomba iliyokuwa chini yake ilikuwa bado michanga na upepo wa upande ule hupasua majani. La tatu lilikuwa limevuka kwa jirani. "Hilo tutaongea kwanza," akasema. Mwanga, upepo, ujirani. Kwenye dodoso nililobeba, yote hayo yalikuwa na kisanduku kimoja tu: kivuli.

3. Mkuu wa kaya hujibu hata asichokijua.

Dodoso humtaka mkuu wa kaya, na mara nyingi ni baba. Atakueleza kahawa na mbao bila kukwama. Ukifika kwenye malisho ya ng'ombe, sikiliza sauti kutoka jikoni ikimsahihisha. Anayekata majani na kubeba samadi hadi kwenye mashina ya migomba kwa kawaida ni mama. Tafiti za karibuni zimeanza kumhoji peke yake, ingawa zimechelewa.

4. Maarifa bila mamlaka ni orodha tu.

Hili lilinikaa kichwani niliposoma habari za Shinyanga. Miti ilifyekwa kwa wingi enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikamaliza kazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika ili mifugo ipate majani kiangazi, zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Mradi ulipoacha kutegemea vitalu vya miche pekee na kuupa nguvu utaratibu huo wa wenyeji, ngitili zikafika zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miti iliyoota tena ni sehemu ya habari. Sehemu nyingine ni dagashida, baraza la kijadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa kijiji, waliomtoza faini aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Watafiti wanaotaka kuihamishia ngitili mikoa mingine kama "teknolojia" huchukua mipaka na kuwasahau walinzi.

5. Kisichoandikwa kwa Kiingereza hakihesabiwi.

Makala zinazopima mwelekeo wa utafiti hutegemea hifadhidata za kimataifa. Kijitabu cha bwana shamba kwa Kiswahili hakimo.

6. Mzee si lazima awe ndiye mlezi wa shamba.

Karibu kila andiko linalalamika kwamba maarifa yanapotea kwa sababu vijana wamehamia Dar es Salaam. Ni kweli wamehama. Lakini vihamba vingi nilivyopita havikuwa pori. Vilikuwa na kijana wa kazi aliyetoka mkoa mwingine, anayelisha ng'ombe migomba iliyokatwakatwa na kupogoa miti kwa maelekezo ya simu kutoka kwa mwenye shamba aliye mjini. Kijana huyo amejifunza wapi, na anaongeza nini cha kwao? Vigezo vya sampuli huwa vinamtaka mzaliwa wa kijiji mwenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Kwa hiyo tunampita akiwa juu ya mti, panga mkononi, tukienda kumhoji babu sebuleni.